Mgongo wa Mashine

Jumatatu, 15 Machi 1971

Masika yameingia leo kwa ngurumo, na mashine ya Mkadam imeyapokea kwa kuzima. Naandika haya kwa sababu nikiyasema nitapigana na mtu, na dada yangu Time ameshanikanya nisipigane tena ndani ya nyumba yake.

Mkadam ni mkuu wa idara yetu. Ofisi yake iko Shangani, katika nyumba ya mawe ambayo mwenye nyumba aliikimbia mwaka wa mapinduzi akaacha hata sufuria jikoni. Chini, katika chumba cha mikutano, imepachikwa ukutani mashine ya kutia baridi, kubwa kama kabati la nguo. Uso wake uko ndani kwa wakubwa, na mgongo umetokeza upande wa pili, uani kwa jirani.

Watu wanadhani mashine hizi zinatengeneza baridi. Hazitengenezi. Zinachukua joto la ndani na kulitupa nje kwa mgongo, penye feni na mapezi membamba ya bati. Mafundi tunapaita kondensa. Upepo ukipita vizuri hapo, ndani watu wanavaa makoti. Upepo ukizuiwa, joto linakosa pa kwenda, presha ya gesi inapanda, na kidude chekundu cha usalama kinaruka ili mashine isije ikapasuka. Hapo yote inazima mpaka fundi aende uani akakibonyeze.

Leo imezima baada ya adhuhuri, Mkadam akiwa kikaoni. Tulipoingia, mimi na Masoud, alinirushia gilasi. Nikainama, ikampata Masoud sikioni. Masoud ni fundi mwenzangu, tena ndiye mume wa Time. Damu inamchuruzika shingoni naye anasema, “Samahani, Mheshimiwa.” Kapigwa yeye, na samahani anaomba yeye! Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia Masoud kuliko Mkadam.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Mashine imekwenda mpaka jioni.

Ijumaa, 19 Machi

Imezima tena. Kufika kwenye mgongo wake lazima upite uani kwa Bi Mwanakheri, mama mmoja mtu mzima anayekaa na binti yake Tabia. Tabia amejifungua juzijuzi, na mumewe yuko Pemba kikazi. Nyumba ya wanawake watupu mchana kutwa, kwa hiyo mtu haingii hivi hivi.

“Hodi!”

“Nani?”

“Machano, fundi.”

“Subiri, mwanangu, tujisitiri!”

Nikasimama mvuani kama mtu aliyelelewa. Nilisikia miguu inakwenda mbio, ndoo zinagongana, mlango wa chumba unafungwa. Kisha ndiyo nikaambiwa, “Karibu!” Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaenda zake jikoni.

Mapezi yalikuwa na manyoya ya njiwa na vumbi lililogandana, na mengine yamelala kwa kupondeka. Sina kifaa cha kuyanyooshea, nikatumia chanuo la Time. Nilichana bati lile kama kichwa cha bibi harusi. Yalikuwa yameloa na yananukia sabuni kidogo, nikasema ni maji ya mvua yanayotiririka kwenye makuta haya mabovu. Nikabonyeza kidude, ikawaka.

Time ameliona chanuo lake. Leo sikupewa chakula.

Jumanne, 23 Machi

Umeme ulikatika jana, na waliourudisha walichanganya nyaya mahali. Mashine inanguruma lakini geji ya presha inapanda tu. Nikashika kipande cha karatasi nyuma ya mgongo. Badala ya kupeperuka, kikavutwa ndani. Feni inazunguka kinyume! Nikazima, nikafungua kisanduku cha umeme pale uani, nikabadilishana nyaya mbili, nikawasha. Karatasi ikaruka mpaka kwenye banda la kuku.

Bi Mwanakheri alinichungulia akicheka, akaniletea chai ya tangawizi. “Weye mtu mzima na ndevu zako, unacheza na karatasi?”

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia Masoud, “Shemeji, ugonjwa nshaupata.”

Jumamosi, 27 Machi

Ugonjwa sijaupata. Imezima tena baada ya adhuhuri. Hodi, nani, subiri mwanangu tujisitiri. Ninapoingia, upepo safi, feni sawa, mapezi safi. Nabonyeza, inawaka. Hakuna kitu. Mashine inanifanyia jeuri.

Mlangoni Kurwa, bawabu wetu, akanivuta shati. “Fundi, watu wanasema.”

“Watu gani?”

“Watu tu. Wanasema mashine haizimi, inazimwa.”

Sipendi macho ya Kurwa. Mtu anayejua watu wanasema nini ndiye anayekwenda kuwaambia waseme.

Alhamisi, 1 Aprili

Nitaandika yote.

Leo Mkadam alikuwa na wageni wa Kizungu, wataalamu. Tangu asubuhi tulikuwa pale, mashine inakwenda vizuri, wageni wamefurahi, Mkadam amevaa koti na tai. Madirisha ya chumba kile yamepigwa mbao baridi isitoke, kwa hiyo mashine ikifa, watu wote wanageuka mikate ndani ya tanuri.

Baada ya adhuhuri ikafa. Nikakimbia uani. Hodi! Subiri, mwanangu! Nikasubiri, nikabonyeza, ikawaka. Sijafika ofisini, ikafa tena. Nikarudi. Hodi! Subiri! Mara ya tatu nilipotoka, wageni walikuwa wanaondoka, mmoja amevua viatu, anajipepea navyo na anacheka. Hicho kicheko ndicho kilichotuangamiza.

Magari yalipoondoka, Mkadam alifunga mlango wa barabarani. Alivua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akachukua bakora yake. Aliuliza kwa upole nani aligusa mashine asubuhi. Masoud, kwa ule ujinga wake wa kujibu kila anachoulizwa, akasema, “Mie, Mheshimiwa. Nilipiga vumbi.”

Bakora ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilimshusha magotini. Nilitaka kuruka, Kurwa akanikumbatia kwa nyuma, akanibana mikono, na yule mtu ana nguvu. Niliona kila kitu. Masoud aliinua mkono kujikinga, Mkadam akaupiga mkono, akaupiga, akaupiga, mpaka vidole vikawa havinyanyuki. Alikuwa akipiga huku anahema na kusema, “Hujuma! Mnanihujumu mbele ya wageni!” Watu wazima, wenye wake na watoto, wameinamisha vichwa wanatizama sakafu.

Walinzi wake walimburuta mpaka chumba cha chini ya ngazi, wakafunga. Kisha Mkadam akajifuta jasho, akaniambia, “Wangoja nini? Kawashe mashine yangu.”

Nikaenda nikaiwasha.

Ijumaa, 2 Aprili

Time hajalala. Hajaniuliza kitu. Bora angeniuliza.

Jumamosi, 3 Aprili

Mkadam ametukusanya wote. Akasema mbele ya watu, “Machano, shemeji yako ni adui au ametumwa na adui. Nipe mwenye kosa, nikupe shemeji yako. Nshasema.” Mkadam ana mabaya yote ya duniani, lakini akitoa neno mbele za watu huling'ang'ania kwa ajili ya ukubwa wake. Basi kazi yangu ni hiyo. Nikijua kinachozima mashine, Masoud anatoka.

Jumanne, 6 Aprili

Nimegundua jambo, na laiti nisingeligundua. Chumba cha chini ya ngazi kinapakana na chumba cha mikutano. Mashine ikinguruma, husikii kitu. Ikizima, unasikia.

Leo ilizima. Tulimsikia.

Na mimi ndiye ninayekwenda kuiwasha tena. Kila nikibonyeza kile kidude chekundu namziba mume wa dada yangu mdomo. Makarani wanashukuru kimoyomoyo, nawaona, mashine ikishika ngurumo wanarudi kwenye mafaili yao.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimempiga Kurwa. Nilimwona anatoka chini ya ngazi na sahani tupu, anajifuta midomo. Time anajinyima, anapika wali wa mchele aliopangia foleni, anampelekea mumewe, na bawabu anakula! Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka na sahani. Alitema meno mawili, akayatizama kiganjani, akayatia mfukoni. Hakusema kitu. Mwenye hatia hana la kusema.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa kutembea mpaka mtaa wa Mkunazini tu.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimeamua kuilinda mashine. Nimekaa uani kwa Bi Mwanakheri kwenye ndoo iliyopinduliwa, tangu asubuhi, spana mapajani. Nikasema huyo anayekuja kuizima atanikuta.

Hakuja mtu. Mvua ilikatika ikarudi. Tabia hakutoka chumbani kutwa, mtoto analia tu. Baada ya adhuhuri Bi Mwanakheri akachungulia, kajitanda khanga mpaka puani.

“Mwanangu, utaondoka saa ngapi? Nasi tuna kazi zetu.”

“Mwizi akija n'taondoka.”

“Mwizi gani tena? Hapa hata kuku wamebaki wawili.”

Mashine ilikwenda bila kukohoa. Geji imetulia pale pale. Sijawahi kuona mashine nzima kama ile. Alasiri nikaona haya, nikaaga. Sijafika mwisho wa uchochoro, Kurwa anakuja mbio na pengo lake.

“Fundi! Imezima!”

Nilipiga ukuta kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Nikirudi, hodi, subiri, karibu, hakuna kitu! Upepo unapita kama bandarini. Sasa nasema kosa haliko mgongoni, liko ndani. Kesho nafungua tumbo lake lote.

Jumatano, 14 Aprili

Nimefungua tumbo lake lote. Ni zima.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Foleni ya mkate, watu wamepigana. Nami nimo.

Jumatatu, 19 Aprili

Asubuhi walimpa Time shati la Masoud akalifue. Wanamfulisha damu ya mumewe! Alilikung'uta juu ya beseni ukadondoka ukucha, ukucha mzima wa mtu. Time aliutizama, akaufunga kwenye pembe ya khanga yake kama mtu anayefunga senti, akaendelea kufua. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikatapika.

Nilikwenda kazini nikiwa si mtu. Baada ya adhuhuri Kurwa akaja kuniambia geji ya Mkadam imeanza, yaani uso wa Mkadam umekuwa mwekundu, chumba kinapata joto. Bado haijazima. Nikachukua spana. Nilipofika kwenye mlango wa Bi Mwanakheri sikupiga hodi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliupiga teke mlango wa nyumba ya watu.

Tabia alipiga ukelele, kichwa wazi, mtoto ziwani. Bi Mwanakheri alikuwa ameinua mikono. Na mbele yake, kwenye mgongo wa mashine, kuanzia juu mpaka chini, zilikuwa nguo. Nepi za mtoto zimelazwa juu ya wavu wa feni. Khanga mbili zimefunika mapezi ya ubavuni. Shuka nzito imetundikwa kwenye kamba, imegandana na mgongo wote. Mashine inatweta chini yake, na nguo zinatoa mvuke. Nilipokuwa nazitizama, kidude chekundu kikaruka. Tak. Kimya.

“Machano! Huna adabu? Unaingia kwa watu bila ya hodi!”

“Tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Nguo! Tangu lini mnaanika hapa?”

“Tangu masika kuingia. Mvua haikatiki, mtoto n'takuja kumvika nini, majani ya mgomba? Hapa panatoka upepo wa moto wa bure. Ikishakausha hulala yenyewe. Mie nikidhani imeumbwa hivyo.”

“Na nikija mie?”

“Ukija wewe si unapiga hodi? Tunaanua. Tukuachie nguo zetu za ndani uzitizame, mwanamume mzima?”

Masika mazima. Mimi nimesimama nje ya mlango na adabu zangu, na wao ndani wanaficha ugonjwa kwa adabu zao. Siku niliyokaa kulinda hawakuanika kwa sababu nimekaa.

Naandika kweli: niliinua spana. Nilimwona Tabia akigeuka ukutani, akimfunika mtoto kwa mgongo wake, amekaza mabega anangojea. Kama Masoud alivyongojea. Nikaitupa spana ikavunja mtungi, nikakaa kwenye matope.

Nikawaeleza. Mashine, presha, bakora, vidole, ukucha. Niliwaeleza kwa ukatili, nilitaka wasilale. Bi Mwanakheri alianua nepi moja moja, akazikunja. Kisha akasema, “N'takwenda mie. Nikamwambie huyo bwana ni mie. Nshakuwa mtu mzima, atanifanya nini?”

“Atakufanya,” nikasema.

Jumanne, 20 Aprili

Nimemwambia Time.

“Wape,” akasema. “Kawaambie ni wale wanawake. Nirejeshee mume wangu.”

“Tabia hata arubaini hajamaliza.”

“Mie nimezuia? Wape!”

“Mkadam hatasema ni nguo. Atasema nani kawatuma. Atawatia chini ya ngazi, Time, na kale katoto.”

Alinizaba kofi, la pili, la tatu. Sikumzuia. “Basi nenda wewe!” akasema. “Weye si mwanamume wa kupiga mabawabu? Nenda wewe!” Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu lile jambo litokee.

Niliwachukia wale wanawake jana. Leo nawachukia bado. Lakini mgongo wa Tabia ulivyogeuka ukutani siwezi kuusahau, na Mkadam hakusema nimpe kosa. Alisema nimpe mwenye kosa.

Alhamisi, 22 Aprili

Naandika nimelala kifudifudi.

Jana nilimwendea Mkadam mbele ya makarani wote, kwa makusudi, wawepo mashahidi. Nikasema, “Mheshimiwa, mwenye kosa nimempata. Ni mie. Nyaya za feni nilizifunga kinyume. Ikizunguka kinyume upepo haupiti, mashine inazima. Masoud hakugusa feni, alipangusa vumbi tu.”

“Kwa bahati mbaya au kwa makusudi?”

Nilijua anataka nini. “Kwa makusudi,” nikasema.

Akatabasamu kama mtu aliyeletewa pilau. Walinitoa kwenye ua wa ofisi, wakanifunga mikono kwenye nguzo, shati juu. Wafanyakazi wote waliitwa watizame. Mkadam alipiga mwenyewe, na Kurwa akaamrishwa ahesabu kwa sauti.

Sitasema sikulia. Nililia, nilimtaja mama yangu, nilijikojolea. Bakora haiumi pale inapopiga tu, inauma inapoinuliwa, kwa kuwa unaisubiri. Damu iliingia kwenye suruali. Katikati ya hayo nikasikia jambo. Kurwa alihesabu sita, saba, kisha akasema kumi. Sauti haikutikisika. Mbele tena akaruka. Mkadam, kwa kuhema na hasira, hakutambua. Karani mmoja alitambua, nikaona anauma mdomo asicheke.

“Mfungueni,” Mkadam akasema alipochoka. “Masika haya nani mwengine atatengeneza? Arudi kazini Jumatatu. Na yule mwengine mtoeni.”

Jumamosi, 24 Aprili

Masoud yuko nyumbani. Sikio moja halisikii. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekaa kama makucha ya kuku, havikunjuki wala havikunjiki. Huyu ndiye aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano gizani.

“Ilikuwa nini, shemeji?” akaniuliza.

“Nepi za mtoto.”

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka, na Time akatufukuza sote wawili tulale.

Jioni akaja Kurwa na bakuli la mchuzi, kalifunika kwa kawa. Masoud akamshika mkono kwa ule wake mzima, hakuuachia. Ndipo nikaelezwa. Chakula cha Time kilikuwa kinaliwa na walinzi tangu siku ya kwanza. Sahani niliyoiona ilikuwa ya mke wa Kurwa, aliyokuwa akimlisha Masoud kwa mkono, tonge kwa tonge, kwa vile vidole havishiki. Na ile siku alinibana kwa nyuma, angeniachia ningekuwa nshakufa.

“Kwa nini hukusema?” nikamwuliza.

“Ulinipa nafasi?” akasema, na pengo likaonekana. Sikupata pa kutia uso wangu.

Jumatatu, 3 Mei

Mashine haijazima hata mara moja. Bi Mwanakheri haaniki tena hapo. Nepi anazikausha juu ya jiko la mkaa, na mtoto ananuka moshi.

Leo Mkadam katukusanya. Akaninyooshea bakora mbele ya watu. “Mnaona? Mashine ilisumbua mwezi mzima. Fundi kafungua, fundi kafunga, haikupona. Mie nikaipa dawa siku moja, imepona. Bakora ndiyo fundi!” Makarani wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa nguvu.

Mgongo wangu uliniwasha kuliko siku ya kupigwa. Mimi ndiye niliyempa hoja hiyo.

Alhamisi, 6 Mei

Wamemchapa dereva kwa sababu gari halikuwaka. Maji yaliingia kwenye plagi, mtoto mdogo anajua. Lilipokauka likawaka, na Mkadam akasema, “Bakora ndiyo fundi.”

Ijumaa, 7 Mei

Mpishi. Mkate haukuumuka.

Jumatatu, 10 Mei

Mvua inapungua. Maulidi yamepita, uchochoro bado unanukia udi.

Asubuhi Mkadam alikuwa na kikao kikubwa, amealika wakuu wenzake waje awafundishe namna ya kuongoza kazi. Nilichukua bisibisi nikaenda kwa Bi Mwanakheri. Nikapiga hodi. Nikasubiri. Nikakaribishwa.

“Shikamoo, Bi Mwanakheri.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini tena? Sijaanika kitu, wallahi.”

“Najua. Leo usianike hata upande huu wa ua. Nguo zote weka ndani, na nikifungua kisanduku hujaniona.”

Nikafungua kisanduku cha umeme. Nyaya tatu. Nikabadilishana mbili. Nikashika karatasi nyuma ya mgongo wa mashine, ikavutwa ndani. Nikafunga kisanduku, nikafuta vidole vyangu. Kinyume, vile vile nilivyokiri. Adhabu ya kosa hili nilikwishaila mwezi uliopita. Kosa lenyewe ndiyo kwanza nimelifanya leo. Wakija watanikuta, na pale ofisini hakuna mwengine anayejua waya upi unakwenda wapi. Masoud anajua, na vidole vyake wamevivunja wenyewe.

Bi Mwanakheri akaniletea chai. Nikakaa kwenye ile ndoo. Tabia akatoka, kajitanda, akakaa kizingitini na mtoto, maana sasa mimi si mgeni tena. Geji ilipanda taratibu. Tak. Kimya.

Kwenye kimya kile kila kitu kinasikika. Viti vikasogezwa. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya Mkadam ikapita ukutani, “Machano! Machanooo!” Sikuitika. Nikanywa chai.

Baadaye ikaanza. Pa. Pa. Pa. Tabia akamkumbatia mtoto.

“Ya Rabi,” Bi Mwanakheri akasema. “Anampiga nani tena?”

Nikatega sikio. Mlio haukuwa wa nyama, nyama naijua sasa. Ulikuwa wa bati.

“Anaipiga mashine,” nikasema.

Wakanitizama, wakatizamana. Bi Mwanakheri akaziba mdomo kwa pembe ya khanga, mabega yakaanza kumtikisika. Upande wa pili Mkadam alikuwa akipiga na kutukana, mbele ya wakuu wenzake na makarani wote, na Kurwa mlangoni, na hakuna ngurumo ya kumficha. Alipiga mpaka tukasikia bakora inakatika. Mashine haikuwaka.